Jino Moja, Madaktari Wawili

Nilikuwa na miaka 16 nilipoteleza na kuangukia ukingo wa ngazi kwa mdomo. Jino la mbele la juu, upande wa kulia, lilimeguka kona na kulegea, lakini halikung'oka. Liliuma wiki mbili, kisha likatulia, na sote nyumbani tukashukuru kwamba limetulia. Nilikuja kujua baadaye sana kuwa jino lililopigwa hivyo likitulia, huenda limekufa. Ile nyama laini ya ndani, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, hukosa damu, nalo jino hubaki limesimama palepale kama mti uliokauka. Langu lilianza kuwa la manjano, likaenda kijivu. Nilipokuwa chuoni liliuma upya, nikatibiwa mzizi, maumivu yakaisha. Rangi ikabaki.

Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kusimama mbele ya watu na kufungua mdomo. Kwa miaka mingi nilitabasamu midomo ikiwa imefumba, nikacheka huku nimeinamisha kichwa, na kila picha ya familia inanionyesha nikitazama pembeni. Wanafunzi waliniona mkali. Sikuwa mkali hata kidogo.

Nilipofikisha miaka 31 nilikuwa na akiba, nikaenda kwenye kliniki iliyojulikana kwa urembo wa meno. Niliwaambia ninachotaka ni rangi tu. Walilichonga jino, wakalivisha krauni ya kauri, yaani kofia yenye umbo la jino, na kwa mahudhurio mawili kazi ikaisha. Hakuna aliyepiga eksirei ya mzizi. Hakuna aliyeuliza kama ufizi una tatizo, nami sikusema, ingawa wakati huo tayari kulikuwa na kipele kidogo juu ya jino lile kilichokuja na kuondoka. Nilidhani ni joto la mwili. Kile kipele kilikuwa ni mlango wa usaha uliokuwa ukitoka ndani ya mfupa. Nilitoka pale nikiwa na jino zuri lililojengwa juu ya mzizi mbovu, na nilifurahi kama mtoto.

Furaha ilidumu miaka mitatu. Halafu krauni ikaanza kucheza, kinywani kukawa na ladha mbaya kila asubuhi, na kipele kikarudi kikakataa kuondoka. Safari hii nilimwendea daktari mwingine wa meno, mama mmoja mtulivu, ambaye kabla ya kusema lolote kuhusu rangi alichukua kifimbo chembamba chenye alama za milimita akakipitisha kuzunguka jino, kati ya jino na ufizi. Alikuwa akisoma namba kwa sauti, msaidizi wake anaandika: 2, 3, 2, 3. Mahali pamoja, mbele, akasoma 9. Akarudia. 9 tena.

"Kifimbo kikizama sehemu moja nyembamba namna hii," akaniambia, "mara nyingi mzizi umepasuka kwa urefu. Ufa huo hauzibiki, Mwalimu. Jino hili halitaokoka."

Nikamwomba aling'oe na aniwekee jingine wiki hiyohiyo. Akakiweka kile kioo chake kidogo mezani.

"Jino naweza kukupa. Ufizi na mfupa siwezi kukupa peke yangu."

Sikumwelewa. Akanionyesha kwenye kioo: ufizi juu ya jino langu ulikuwa umepanda kuliko wa jirani yake, na mahali pa kipele palikuwa pameingia ndani kidogo. Akasema usaha umekula ukuta wa mbele wa mfupa, na ufizi hufuata mfupa popote unapokwenda. Akiweka jino leo, litakuwa refu kuliko mwenzake, au litakuwa sawa kwa urefu lakini juu yake kuwe na shimo lenye kivuli. Kila anayenitazama angeona kuna kitu hakikai sawa, hata asipojua ni kitu gani. Akampigia simu mwenzake, daktari wa upasuaji wa kinywa, na wiki iliyofuata tulikaa watatu chumba kimoja.

Nikuulize, msomaji: umewahi kuwaona madaktari wawili wa fani mbili wakijadiliana kuhusu jino lako ukiwa umekaa hapohapo? Mimi sikuwahi, na sasa naamini kila mtu anayekabiliwa na kazi ya namna hii adai kikao hicho. Walianzia mwisho. Yule mama alikuwa amenipiga picha nikicheka, nikiongea na nikiwa nimetulia, akachukua kipimo cha kinywa, akalichonga kwa nta jino litakavyokuwa siku ya mwisho. Kisha mpasuaji akaliweka umbo hilo la nta juu ya skani ya taya langu kwenye kompyuta, ile inayoonyesha mfupa pande zote tatu, akauliza: ili jino litokee hapa, skrubu ya mfupani itakayolibeba isimame wapi? Akaichora. Nusu ya skrubu ilikuwa hewani, kwa sababu upande wa mbele hapakuwa na mfupa. "Basi," akasema, "kazi yetu ya kwanza ni kujenga."

Nilielezwa chaguo zangu zote, zikawekwa mezani, na sikufichwa kitu. Ningeweza kuvaa jino la kuvua na kuvaa. Ningeweza kuwekewa daraja, yaani meno mawili ya pembeni yachongwe ili yabebe la tatu katikati. Kazi ya daraja ingekamilika ndani ya wiki chache. Lakini jirani zangu wawili walikuwa wazima, na tabaka gumu la nje la jino likishachongwa halioti tena. Isitoshe, mfupa chini ya daraja ungeendelea kupungua. Kulikuwa na daraja jepesi la kubandikwa nyuma ya jino moja tu bila kulichonga sana, na kwa watu wengi hilo ni jibu zuri, hasa kwa vijana ambao taya bado linakua na hawafai kuwekewa kipandikizi, yaani ile skrubu inayopandwa mfupani ili ibebe jino. Nilichagua kipandikizi. Mpasuaji akanihoji kwa kirefu: navuta sigara? Nina kisukari? Natumia au nimewahi kutumia dawa za kuimarisha mifupa? Nasaga meno usiku? Alisema sigara hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na vipandikizi vya wavutaji hushindwa zaidi. Angenikuta navuta, angeniambia niache kwanza.

Nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua: chuma kinawezaje kukubaliana na mfupa wa mtu? Akanisimulia habari ya Msweden Per-Ingvar Brånemark. Mwaka 1952 alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mifupa ya sungura, akitumia kifaa kidogo cha metali ya titaniamu kilichopachikwa mfupani. Utafiti ulipokwisha alitaka kukitoa kifaa chake, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekishika. Miaka 13 baadaye, 1965, alimwekea vipandikizi mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro za taya na upungufu wa meno. Larsson aliishi navyo zaidi ya miaka 40. Baada ya kusikia hivyo, nililala usingizi usiku ule.

Siku ya kung'oa ndiyo niliyoiogopa kuliko zote, na ndiyo iliyonishangaza. Nilitarajia koleo na nguvu. Baada ya ganzi, mpasuaji alitumia kijembe chembamba kukata taratibu nyuzinyuzi zinazoshikilia mzizi, anazunguka, anangoja, anazunguka tena. Maumivu sikuyasikia. Nilisikia msukumo, na mlio kama wa ubao mkavu. Alieleza kwamba ukuta wa mfupa ulio mbele ya meno ya juu kwa watu wengi haufiki hata milimita 1, na ukivunjwa siku ya kung'oa, ndiyo umekwenda. Wangu ulikuwa umeshaliwa sehemu, kwa hiyo alitaka kuhifadhi kila kilichobaki. Alinionyesha jino langu juu ya kitambaa. Ufa ulikuwa mweusi, unashuka kutoka juu hadi karibu na ncha.

Niliondoka na jino la muda lililopachikwa kwenye plastiki angavu inayovaliwa kama kofia juu ya meno. Halikugusa kidonda, hilo walilisisitiza. Lilinifanya niongee kwa kithembe. Kila asubuhi nilipoita majina darasani, nikifika kwenye akina Fadhili na Farida, niliinamisha kichwa nyuma ya rejista.

Mfupa wa mahali palipong'olewa jino haungoji mtu. Tafiti zimeonyesha unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake katika miezi 12, na sehemu kubwa hupotea katika miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo baada ya wiki 8, ufizi ulipokwisha kufunga na usaha umekauka, nilirudi kujengewa mfupa. Alikwangua chembe chache za mfupa wangu mwenyewe nyuma ya taya la chini, akazichanganya na chembechembe za mfupa wa ng'ombe zilizosafishwa kiwandani. Kabla ya hapo aliniuliza kama nina pingamizi la kidini au la nafsi kuhusu asili ya chembe hizo, maana zipo pia za binadamu na za kutengenezwa maabara. Nilipenda kwamba aliuliza. Juu yake akafunika utando unaoyeyuka wenyewe baada ya miezi, kazi yake ikiwa kuuzuia ufizi usiingie mahali pa mfupa, kwa kuwa ufizi hukua haraka na mfupa hukua polepole. Akashona.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu. Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Siku ya nne nikajiona nimepona, nikaenda kufundisha vipindi viwili. Kuongea kwa sauti kubwa huvuta mdomo wa juu, na mdomo wa juu huvuta ufizi ulioshonwa. Jioni nilihisi kitu kimeachia. Uzi mmoja ulikuwa umekata ufizi na kidonda kimefunguka kiasi cha punje. Mpasuaji hakunigombeza, ila uso wake ulibadilika. Kwa wiki mbili nilisukutua dawa ya klorheksidini, nikakatazwa kupiga mswaki eneo lile, na nilikwenda kukaguliwa kila baada ya siku mbili hadi palipojifunga. Bakteria wangeingia chini ya utando, mfupa wote uliopandwa ungeweza kupotea. Kama kazi yako ni ya kuongea, omba likizo ya kutosha. Niliambiwa siku 10, nikachukua 3.

Ikafuata miezi 6 ya kungoja. Sina mengi ya kusema kuhusu miezi hiyo isipokuwa kwamba ni mirefu. Dada yangu mkubwa aliniuliza zaidi ya mara moja kama madaktari hawa wananidanganya.

Kuweka kipandikizi chenyewe kulikuwa chepesi kuliko yote. Kulikuwa na kibao cha plastiki kilichotengenezwa kutokana na skani, kina tundu linaloelekeza keekee ipite wapi na kwa kina gani. Skrubu ya titaniamu yenye upana wa milimita 4 hivi ikaingia, ufizi ukafungwa juu yake. Jioni nilikunywa dawa ya kawaida ya maumivu mara moja, basi. Miezi 4 baadaye, mfupa ulipokwisha kuishika, alifungua ufizi tena, na siku hiyohiyo akachukua kipande cha nyama kutoka kwenye kaakaa akakishonea mbele ya kipandikizi, ndani ya ufizi, ili kujaza lile bonde lililobaki. Nikwambie ukweli: katika safari nzima, kaakaa ndilo lililoniuma zaidi. Ni kama umeunguzwa na kinywaji cha moto, na kila ukimeza unaguswa palepale. Liliuma siku 8. Lakini bonde lilijaa, na nisingejua thamani ya maumivu yale kama sikuwa nimeona picha za kabla.

Kuanzia hapo usukani ulirudi kwa yule mama. Alinifungia jino la muda la resini, ile plastiki ngumu ya meno, moja kwa moja kwenye kipandikizi, na kila baada ya wiki mbili alilifungua, akaongeza resini kidogo shingoni mwake, akalirudisha. Ufizi ulikuwa unageuka mweupe kwa shinikizo, na baada ya dakika chache unarudi kuwa wa waridi. Alikuwa anaufinyanga ufizi kwa jino, kama mtu anavyofinyanga udongo, mpaka upinde wake ukafanana na wa jirani.

Kuna kitu kimoja alinitahadharisha nacho mapema, nami namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa uzuri wa kazi yake. Kati ya jino na jino kuna kile kinyama kidogo cha pembetatu. Mwaka 1992 Dennis Tarnow na wenzake walipima meno ya asili wakaona kwamba, kutoka mahali meno mawili yanapogusana hadi kwenye kilele cha mfupa, umbali ukiwa milimita 5 au chini yake, kinyama hujaza nafasi karibu mara zote. Ukiwa milimita 6, hujaza kwa zaidi kidogo ya nusu ya nafasi walizopima. Ukiwa 7, kwa kama robo tu. Upande mmoja wangu ulikuwa na 6. Akasema pembetatu nyeusi inaweza kubaki, na kwamba anachoweza kufanya ni kurefusha sehemu ya meno kugusana ili pembetatu iwe ndogo. Angenificha, ningekuja kumlaumu. Imebaki nafasi ndogo kama kichwa cha sindano. Naijua mimi na yeye.

Wakati ufizi unafinyangwa, tulishughulikia rangi. Kauri haibadiliki rangi baada ya kuchomwa, kwa hiyo anayetaka kung'arisha meno yake ya asili afanye hivyo kabla ya krauni kutengenezwa. Nilivaa vibao laini usiku kwa wiki mbili vikiwa na jeli ya peroksidi ya kabamidi ya asilimia 10. Meno yalihisi baridi mno siku za mwanzo. Kisha tukangoja wiki mbili nyingine ili rangi itulie, na ili gundi ishike vizuri pale atakapobandika kitu.

Hapo nikamletea ombi. Nilitaka vinia, yaani maganda membamba ya kubandikwa mbele ya jino, kwenye meno mengine matatu ya mbele, yote manne yawe meupe pee, tumalize. Alikataa kwa upole. Akaniambia vinia za kwanza zilibuniwa mwaka 1928 na Charles Pincus, daktari wa Marekani, kwa ajili ya waigizaji wa filamu, nazo zilibandikwa kwa muda tu wa kupigwa picha kisha zikavuliwa. Gundi ya kudumu ilianza kuwezekana baada ya 1955, Michael Buonocore alipoonyesha kuwa asidi ikipakwa juu ya jino huacha vijishimo ambavyo resini hushika. "Zile za waigizaji zilivuliwa jioni," akasema. "Zako hazitavulika. Meno haya matatu yana kosa gani?" Sikuwa na jibu. Jino la jirani lilikuwa na mchubuko mdogo kwenye ncha. Aliliongezea resini kidogo bila kulichonga. Hayo mengine hakuyagusa.

Kufananisha jino moja la mbele na mwenzake ni kazi ngumu kuliko kutengeneza sita kwa pamoja. Fundi wa maabara alikuja mwenyewe kuniona, akanisimamisha dirishani asubuhi, mwanzoni kabisa mwa hudhurio, kwa sababu jino likikaa wazi muda mrefu hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Alichora ramani ya jino langu zima: hapa kijivu angavu, hapa mawingu meupe, hapa njano karibu na shingo. Krauni ya kwanza ilipokuja ilikuwa nzuri chini ya taa ya kliniki. Nilikuwa tayari kuikubali, nilikuwa nimechoka. Yule mama akanishika mkono akanipeleka dirishani, akanipa kioo. Kwenye mwanga wa jua ilionekana kama jino la mtu mwingine. Ikarudishwa.

Ya pili iliingia baada ya wiki tatu. Alinitaka niseme "wavuvi wavivu wamevuka" mara kadhaa, huku akitazama ncha ya jino inavyogusa mdomo wa chini. Kwenye f na v, ncha za meno ya juu zinatakiwa ziguse pale mdomo mkavu unapokutana na mdomo wenye unyevu. Langu lilivuka kidogo. Akasugua ncha kiasi cha unywele, nikasema tena. Akasugua tena. Kisha akakaza skrubu, akaziba tundu lake upande wa nyuma, akapiga eksirei.

Ilikuwa mwezi wa 17 tangu siku jino lilipong'olewa. Sasa napitisha uzi kuzunguka kipandikizi kila usiku, nalala na kikinga meno, na kila baada ya miezi 6 naenda wanipime ufizi kwa kile kifimbo, kwa sababu fizi zinazozunguka titaniamu nazo huugua na hazipigi kelele mapema.

Jumatatu iliyofuata nilifungua rejista, nikaanza kuita. Hakuna mwanafunzi aliyegundua chochote. Nilipofika kwa Fadhili nilikuwa namtazama usoni.